Tanzania na vita dhidi ya wanga: sayansi inasema nini, na nani anaweza kumudu?

Tarehe 18 Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika zilimteua Profesa Mohamed Janabi wa Tanzania kuwa mkurugenzi wa kanda hiyo. Nafasi hiyo iliachwa wazi na Mtanzania mwenzake, Dk. Faustine Ndugulile, aliyefariki dunia Novemba 2024 kabla hajaanza kazi. Kwa wanadiplomasia, hiyo ilikuwa habari ya uchaguzi. Kwa Mtanzania wa kawaida, jina la Janabi lilikwisha kuwa maarufu kwa jambo jingine kabisa: sahani ya chakula.

Bingwa huyo wa magonjwa ya moyo, aliyeiongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, alitumia miaka kadhaa kuwaambia watu jambo ambalo wengi hawakupenda kulisikia: kwamba wanakula mara nyingi mno, sukari nyingi mno na wanga mwingi mno. Alihimiza kupunguza milo na kufunga. Mihadhara yake ilikatwa vipande vifupi vya video vikasambaa, na utani ukafuata, kama ilivyo desturi ya Watanzania kwa kila jambo zito.

Hata hivyo, wapo waliokwenda mbali kuliko yeye. Katika mitandao ya kijamii wamejitokeza walimu wengi wa lishe, baadhi wana taaluma na baadhi hawana, wanaofundisha kuacha wanga karibu wote: ugali, wali, chapati, ndizi, viazi, na kwa wengine hata matunda. Badala yake mtu ale nyama, mayai, samaki, mboga, parachichi na mafuta, na kisukari kitakwisha chenyewe. Hapo ndipo utani unapokoma, kwa sababu wasikilizaji wa ahadi hiyo ni pamoja na wagonjwa wenye vidonge mfukoni na sindano za insulini nyumbani.

Jambo hili haliishii Tanzania. Sauti iliyorekodiwa Dar es Salaam asubuhi inaweza kusikika Bujumbura, Bukavu au Kampala kabla ya jioni. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi kama wachache katika nchi ambazo kampeni za afya huendeshwa zaidi kwa lugha nyingine, ushauri huo huwa ndio wa kwanza kufika kwa lugha wanayoielewa vyema. Kwa hiyo inafaa kuupima.

Tatizo lenyewe si la kubuni

Watetezi wa kupunguza wanga hawakuanzia hewani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu. Miaka kumi baadaye, utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Sahani nayo inajieleza. Asubuhi ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na maandazi au chapati. Mchana ni wali au ugali uliojaa, maharage kidogo pembeni na mchicha wa kuonja. Jioni, kwa kijana wa mjini, ni chipsi mayai na soda. Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri anaweza kuuchoma wanga wa namna hiyo. Karani anayeshuka kwenye daladala na kuketi ofisini saa nane hawezi, lakini mkono unaopakua chakula haujabadilika tangu alipohama kijijini.

Mwilini, wanga unaomeng'enywa huishia kwa sehemu kubwa kuwa glukosi kwenye damu. Kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo iingie kwenye seli. Mwenye kisukari aina ya pili ana insulini isiyotosha au isiyofanya kazi ipasavyo, hivyo sukari hubaki kwenye damu na polepole kuharibu macho, figo, mishipa na miguu. Mtu wa namna hiyo akipunguza wanga, sukari inayoingia kwenye damu yake hupungua. Hakuna muujiza katika hilo wala hakuna mtaalamu makini anayelipinga. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika katika ripoti yake kwamba kupunguza wanga ni miongoni mwa mitindo ya ulaji yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kushusha sukari. Mwaka 2021 shirika la kisukari la Uingereza lilikubali mtindo huo kwa baadhi ya watu wazima wenye kisukari aina ya pili, lakini likakataa kuupendekeza kwa watoto.

Wazo hilo pia si geni. Mwaka 1863 William Banting, mfanyabiashara wa London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Marekani walitumia mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana kutibu kifafa kwa watoto, na tiba hiyo bado inatumika kwa wagonjwa maalumu chini ya uangalizi wa karibu. Mwaka 1972 daktari Robert Atkins aliufanya mtindo huo kuwa biashara ya mamilioni ya vitabu.

Pale ahadi inapozidi ushahidi

Swali gumu zaidi ni kama kuacha wanga kunashinda njia nyingine, na kwa muda gani.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 609 wenye uzito uliozidi. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, na wote walihimizwa kula vyakula halisi visivyosindikwa sana. Baada ya miezi 12 waliopunguza mafuta walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0. Kitakwimu, hiyo si tofauti. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Bila shaka waliopungua sana ndio wangerekodi video.

Kuhusu kisukari, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la BMJ ulikusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,357. Baada ya miezi sita, asilimia 57 ya waliopunguza wanga walikuwa na kiwango cha sukari kilicho chini ya mpaka wa kisukari, ikilinganishwa na asilimia 31 ya waliofuata milo mingine. Ni tofauti kubwa, na ndiyo inayonukuliwa. Yanayonukuliwa mara chache ni mambo mawili: baadhi ya watu hao walikuwa bado wanatumia dawa, na kufikia miezi 12 sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepungua. Sababu mojawapo inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kujaribu: watu huchoka, harusi hufika, sikukuu hufika, na sahani hurudi ilipokuwa.

Jaribio jingine la Uingereza linaivuruga zaidi hadithi ya kwamba wanga peke yake ndio adui. Lilihusisha watu 306 wenye kisukari aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, ambao hawakuwa wakitumia insulini. Kundi moja liliachishwa dawa za kisukari kwa uangalizi wa kliniki na kupewa supu na vinywaji maalumu vya takriban kalori 850 tu kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha likarudishwa taratibu kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Zaidi ya nusu ya nishati ya vinywaji vile ilitokana na wanga. Kilichowaponya, kwa kadiri watafiti walivyoeleza, ni kupungua kwa mafuta yaliyokuwa yamejazana kwenye ini na kongosho. Kwa wengi, kuacha wanga hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: mtu anayekatazwa ugali, wali na mkate hujikuta anakula kidogo kwa jumla.

Ipo pia hadaa ya mizani ya wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji hutoka. Kilo mbili au tatu zinazotangazwa kwa shangwe baada ya siku saba ni, kwa sehemu kubwa, mkojo.

Kwa muda mrefu zaidi picha haina uhakika wa majaribio, kwa kuwa hutegemea kuwafuatilia watu na kuwauliza walichokula. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Wamarekani zaidi ya 15,000 ulikuta vifo vichache zaidi kwa waliopata karibu nusu ya nishati yao kutoka kwenye wanga. Waliokula wanga mwingi mno, zaidi ya asilimia 70, na waliokula kidogo mno, chini ya asilimia 40, wote walikuwa na hatari zaidi. Waliofidia wanga kwa nyama na mafuta ya wanyama walifanya vibaya kuliko waliofidia kwa karanga, kunde na vyakula vingine vya mimea. Kwa baadhi ya watu lehemu mbaya nayo hupanda, na haioneshi dalili yoyote hadi ipimwe.

Hatari iliyo karibu zaidi

Yote hayo ni mijadala ya miaka. Hatari ya dawa ni ya saa chache.

Mgonjwa anayechoma insulini, au anayemeza dawa kama glibenclamide inayolazimisha kongosho kutoa insulini, amepangiwa dozi kwa kuzingatia chakula anachokula. Akiacha ugali na wali ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa na kupoteza fahamu. Ikitokea usiku, huenda asiamke. Kuna kundi jipya la dawa, zinazotoa sukari kupitia mkojo, ambazo zikichanganywa na ulaji wa wanga kidogo sana huongeza uwezekano wa damu kujaa asidi ya ketoni, hata kipimo cha sukari kikiwa hakitishi. Mwenye kisukari aina ya kwanza anayeacha insulini kwa sababu ameacha wanga yuko hatarini kufa ndani ya siku chache. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo nao hawapaswi kuingia katika mtindo huu kwa kusikia tu.

Video ya dakika mbili haiwezi kumuuliza mtazamaji anatumia dawa gani. Hilo ndilo kasoro yake kubwa, hata pale yanayosemwa ndani yake ni ya kweli.

Afrika Kusini imekwisha kupitia kesi ya namna hii. Profesa Tim Noakes, mtaalamu mashuhuri wa sayansi ya michezo aliyegeuka kuwa mtetezi mkubwa wa ulaji wa wanga kidogo, mwaka 2014 alimjibu mama mmoja kwenye Twitter kuhusu chakula cha kumwanzishia mtoto. Mtaalamu wa lishe alimshitaki kwa baraza linalosimamia wataalamu wa afya. Shauri lilichukua miaka. Mwaka 2017 aliondolewa hatia, na mwaka 2018 rufaa dhidi yake ikashindwa. Wafuasi wake waliusherehekea uamuzi huo kama ushindi wa mlo wenyewe. Ukweli ni kwamba shauri lilihusu mwenendo wa kitaaluma, na suala la msingi lilikuwa kama kumjibu mtu mtandaoni kunamfanya kuwa mgonjwa wako. Swali la nani anawajibika ushauri unapomdhuru mtu wa mbali bado liko wazi, na katika nchi za Afrika Mashariki halijaulizwa kwa uzito.

Ushahidi kutoka Kilimanjaro

Utafiti unaoihusu zaidi kanda hii haukufanyika Ulaya wala Marekani. Ulifanyika Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, na ukachapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Washiriki walikuwa wanaume 77 vijana wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya mtindo wa Magharibi, vya kukaangwa, vilivyosindikwa na vya nafaka zilizokobolewa. Waliozoea vyakula hivyo vya mjini walirudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji kilichochachuliwa cha ndizi na ulezi, kwa wiki moja.

Waliotoka kwenye chakula cha asili waliongezeka uzito, viashiria vya mchochota vilipanda kwenye damu yao, na seli za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili walipata mabadiliko ya upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Mbege nayo ilipunguza mchochota, ingawa hilo halikuwa pendekezo la kunywa pombe, na wasioinywa kwa sababu ya dini hawana cha kujutia: kilichowavutia watafiti ni uchachuaji, na maziwa mgando au uji wa kuchachua haviko mbali nao.

Chakula hicho cha asili kilijaa wanga. Ni ndizi za kupika, maharage, nafaka zisizokobolewa, mizizi na mboga. Kama wanga kwa jina lake ungekuwa sumu, wanaume hao wangeumwa kwa kula chakula cha babu zao na wangepona kwa kukiacha. Utafiti ulikuwa wa muda mfupi na wa wanaume peke yao, na hauwezi kumaliza ubishi. Lakini unahamisha swali kutoka kiasi cha wanga peke yake hadi wanga upi, umekobolewa kiasi gani, na uko pamoja na nini sahanini.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unaelekea huko huko. Haukumtaka mtu mzima aache wanga. Unasema wanga utoke zaidi kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, pamoja na angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Hilo ndilo shirika ambalo Profesa Janabi sasa analiongoza barani.

Dona, sumukuvu na bei ya nyama

Kwa jikoni la Afrika Mashariki, ushauri huo unatafsirika kirahisi: dona badala ya sembe, mtama na ulezi virudi, maharage yazidi ugali badala ya ugali kuzidi maharage. Kuutekeleza ni kazi nyingine. Sembe nyeupe imekuwa alama ya maisha mazuri, na wengi waliolishwa dona shuleni waliapa kutoirudia. Unga wa dona, kwa kuwa una kiini chenye mafuta, huharibika mapema. Tena kuna sumukuvu. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20, na mahindi ndiyo yaliyoshukiwa. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo pamoja na pumba. Anayemhimiza mwananchi kula dona bila kuzungumzia jinsi mahindi yalivyokaushwa na kuhifadhiwa amemaliza nusu tu ya somo.

Futari nayo ni mfano mzuri kwa jamii za Waislamu wazungumzao Kiswahili, kuanzia pwani hadi kando ya Ziwa Tanganyika. Mtu aliyefunga kutwa, jambo ambalo walimu wa lishe wanalisifu, hufungulia kwa uji wa sukari, tambi, mihogo ya nazi, magimbi na kaimati zilizochovywa kwenye shira, vyote katika meza moja. Hakuna haja ya kufuta mezani kila kitu. Kaimati na tambi zikipungua, na maharage, samaki na mboga vikaja mbele ya magimbi, mwenye sukari ya juu angefaidika bila kuonekana amesusa chakula cha familia.

Kwa maana mpishi ni mmoja na chungu ni kimoja. Mlo wa nyama, mayai na parachichi unaofundishwa mtandaoni unamhusu mtu anayejipangia sahani yake. Katika nyumba nyingi baba akitangaza ameacha wanga, mama huongeza kazi ya kupika chakula cha pili, na nyama iliyokuwa ya watu sita hugeuka kuwa dawa ya mmoja. Kilo ya unga wa mahindi hulisha familia siku nzima. Kiasi hicho cha nishati kwa nyama au samaki ni bajeti ambayo kibarua wa Dar es Salaam hana. Dagaa, kwa jina lake la Burundi ndagala, pamoja na maharage, kunde na karanga ndivyo vinavyoweza kupunguza ukubwa wa ugali bila kumwacha mtu na njaa, lakini havipigwi picha nzuri.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa Dar es Salaam hulisahau. Tanzania yenye wanawake wengi wenye uzito uliozidi ni nchi hiyo hiyo ambayo, kwa takwimu za mwaka 2022, takriban asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchini Burundi utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56. Mtoto wa namna hiyo anahitaji uji mzito, mara nyingi kwa siku, uliotiwa karanga, maziwa au ndagala zilizosagwa. Anaweza kuwa mjukuu wa mwenye kisukari na kuishi naye nyumba moja, wakisikiliza simu moja inayosema wanga ni adui.

Kwa mgonjwa anayetaka kujaribu, hatua ya kwanza iko kliniki: kueleza dawa anazotumia, kupima sukari, figo na lehemu, na kukubaliana na mhudumu dozi ipunguzwe lini na kwa kiasi gani kabla sahani haijabadilika. Soda na sukari ya chai vinaweza kuondoka mapema kwa karibu kila mtu, isipokuwa kiasi kidogo ambacho anayetumia insulini anapaswa kukiweka karibu, kwa ajili ya siku ambayo sukari yake itashuka.